Mbwa wa Qurus Aoshwe kwa Shilingi Ngapi?

Mbwa wa Qurus, huku wilayani Karatu, ana kazi. Usiku analinda zizi na banda la kuku, mchana anafuatana na wachunga mbuzi, na mahindi yakianza kubeba anakesha shambani kwa ajili ya nguruwe pori. Manyoya yake ni mafupi, na mvua zikianza hupakwa udongo mwekundu wa Karatu mpaka rangi yake ya kuzaliwa haijulikani tena. Mbwa wa namna hii hahitaji saluni. Anahitaji mtu wa kumkagua, maji kidogo na dawa iliyopimwa sawasawa. Gharama zinapanda pale mwenye mbwa anaponunua kwa kufuata picha za kwenye simu badala ya kumtazama mbwa aliye uani kwake.

Bei za vitu hivi hutofautiana duka hadi duka, na siku ya mnada wa tarehe 7 pale Karatu mjini zinatofautiana hata asubuhi na jioni. Kwa hiyo sitataja shilingi moja moja. Nitavigawa vitu kwa uzito wake mfukoni: vya mamia, vya maelfu, na vya makumi ya maelfu. Mpangilio huo hauharibiwi upesi na mfumuko wa bei.

Vya mamia ndivyo vinavyofanya kazi kubwa kuliko vyote. Kitana chenye meno ya kubanana, kile cha kutolea chawa, kinanasa viroboto na mayai yao. Dodoki kavu linasugua manyoya mafupi na kuondoa yaliyokufa pamoja na tope lililokauka. Kibano kidogo cha nyusi kinang'oa kupe. Bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita tano au kumi, linapima dawa. Ongeza glavu kutoka duka la dawa na kipande cha taulo la mitumba. Burashi ya mbwa ya mpira yenye vinundu, inayoletwa kutoka Arusha, inagharimu mara nyingi zaidi ya dodoki, na kwa mbwa wa manyoya mafupi sioni inachozidisha.

Kazi ya vitu hivi ni ukaguzi, na ukaguzi hauna bei. Msimu wa mvua ufanyike kila jioni: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, makwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe abanwe karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole moja kwa moja bila kuzungushwa. Asichomwe na njiti ya kiberiti wala asipasuliwe kwa kucha, kwa sababu damu iliyo ndani yake huenda ina magonjwa. Atumbukizwe kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Hapo ndipo mahali pa mafuta ya taa. Wako watu wanaompaka mbwa mwenyewe, na mbwa anayalamba.

Vumbi la banda likiwa na funza, tazama nyayo pia. Mbwa anayechechemea mara nyingi hana mwiba, ana funza.

Maji ndiyo gharama iliyojificha. Mbwa wa kilo 15 hadi 20 akiogeshwa kwa kopo na beseni anamaliza kama ndoo mbili za lita 20, na anayenunua maji kiangazi, au anayeyaleta kwa punda, anajua ndoo mbili ni nini. Habari njema ni kwamba mbwa huyu hahitaji kuogeshwa kila wiki. Mara moja kwa mwezi inatosha, na wengi wanakaa miezi miwili au mitatu bila neno, ila wale wanaopenda kujibiringisha kwenye mizoga. Tope lisioshwe likiwa bichi: liache likauke, kisha piga dodoki, litaanguka lenyewe. Na siku ya kuogesha iwe asubuhi ya jua. Karatu iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, na Juni na Julai baridi yake haina utani. Mbwa aliyeogeshwa jioni atalala ameloa.

Kuhusu sabuni watu wanabishana sana. Sabuni ya mche ndiyo rahisi kupatikana, lakini ni kali: ngozi ya mbwa iko karibu na kati, si tindikali wala si magadi, na sabuni ya mche imeelemea sana upande wa magadi. Ikitumika mara chache na kusuuzwa vizuri haimdhuru mbwa mwenye afya. Ikitumika kila wiki, ngozi inakauka, anajikuna, na mwenyewe anadhani ni upele. Sabuni ya unga isimguse kabisa. Shampuu ya mtoto mchanga ni ya maelfu machache, na ikichanganywa na maji kwenye chupa ya soda, sehemu moja kwa kumi, inakaa miezi mingi. Kama ningetakiwa kuchagua moja tu, ningechukua hiyo. Shampuu ya mbwa yenyewe, ya kutoka Arusha, inakaribia makumi ya maelfu au inafika. Inunuliwe daktari wa mifugo akisema ngozi ina ugonjwa unaotaka shampuu ya dawa. Ile ya kumfanya anukie maua ni ya kumfurahisha mwenye mbwa, si mbwa.

Tukifika kwenye kupe, hapo ndipo pa kutoa kalamu na kupiga hesabu. Katika maduka ya pembejeo ipo dawa ya maji ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi ya asilimia 12.5. Kwa mbwa kipimo chake ni mililita 2 kwa lita moja ya maji. Lita nne zinatosha kumlowanisha mbwa wa wastani kwa sponji kuanzia shingoni kwenda nyuma, yaani mililita 8 za dawa. Chupa ya mililita 100 inatoa maosho kumi na mawili. Ukiosha kila baada ya wiki mbili, chupa moja ya maelfu inakaribia miezi sita.

Upande wa pili kuna vidonge. Bravecto, yenye fluralana, hulinda dhidi ya kupe na viroboto kwa wiki 12, na NexGard kwa mwezi. Kwa miezi ile ile sita ungehitaji vidonge viwili vya Bravecto, na kila kimoja ni cha makumi ya maelfu, kikipangwa kwa uzito wa mbwa. Kwa shilingi tupu, chupa inashinda kwa mbali.

Lakini shilingi tupu haisemi yote. Kidonge hakitaki maji wala hakioshwi na mvua ya masika, na mtoto akimkumbatia mbwa hapati dawa mikononi. Kwa mbwa mkali wa ulinzi, ambaye hata mwenyewe hathubutu kumshika sikio, kidonge ndani ya kipande cha nyama ndiyo njia pekee yenye akili. Mbwa mmoja tu, anayelala barazani na watoto, maji ya kununua: ningekaza mkanda na kununua kidonge, angalau kwa msimu wa mvua. Mbwa watatu, watulivu, na ng'ombe wanaopuliziwa amitrazi hiyo hiyo hapo nyumbani: chupa, bila kufikiri mara mbili.

Anayechukua chupa akubali masharti yake. Kifuniko cha chupa ya maji si kipimo. Kinachukua mara mbili au zaidi ya mililita zinazotakiwa kwa lita moja, ndiyo maana bomba la sindano liko kwenye fungu la mamia. Mbwa aogeshwe kwanza kwa sabuni, asuuzwe, afutwe, ndipo apakwe dawa, na dawa isisuuzwe. Akaukie kivulini bila kujilamba. Watoto wa mbwa chini ya miezi minne na majike wenye mimba waachwe. Mbwa aliyepakwa akilegea, akitoa udenda na kusinzia kupita kawaida, apelekwe kwa mtaalamu. Amitrazi ni hatari kwa farasi, na punda ni wa ukoo huo, kwa hiyo yule anayebeba maji yako asiguswe na mabaki. Kama chupa yako si amitrazi bali ni ya jamii ya sipametrini, basi wa kuogopewa ni paka: kwake inaweza kuwa kifo. Na kama kibandiko hakimtaji mbwa popote, irudishe kwenye rafu. Dawa nyingine za kuogeshea ng'ombe zina sumu ambayo mbwa haiwezi.

Kuna pia njia ya bure: mafuta machafu ya injini kutoka gereji, yanayopakwa kwa mbwa mwenye upele. Wengi wanaapa kwamba yanaponya. Yanapenya ngozini, mbwa anayalamba, na yaliyomo ndani ya mafuta yaliyokwisha kutumika kwenye injini si kitu cha kuingia kwenye ini la mnyama. Upele wa mbwa una tiba ya uhakika kwa mtaalamu wa mifugo, na tiba hiyo iko kwenye fungu la maelfu. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe usimchome mbwa wewe mwenyewe kwa kukisia. Kipimo cha mbwa ni sehemu ndogo ya mililita, na wapo mbwa wenye damu ya Collie ambao hawaihimili.

Pia mikanda ya kupe. Ile yenye flumetrini ya kampuni zinazojulikana inafanya kazi kwa miezi, kwa bei inayolingana na vidonge. Ile ya bei ya chini isiyoandikwa jina la dawa inanukia tu.

Na usimtibu mbwa ukasahau banda. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi zaidi nje ya mbwa kuliko juu yake: jike akishiba anadondoka, anapanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Ziba nyufa kwa udongo na samadi, choma magunia ya zamani ya kulalia, na maji ya amitrazi yaliyobaki siku hiyo yamwagwe kwenye kuta za banda, si kwenye korongo wala karibu na kisima, kwani yanaua samaki na viumbe wa majini. Hatua hii haiongezi hata shilingi, nayo ndiyo inayorukwa na wengi. Halafu wanalalamika kwamba dawa ya dukani ni feki.

Jirani zetu wa upande wa Ngorongoro wamekwisha kuonyesha wadudu hawa wadogo wanaweza nini. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma walizidi ndani ya Kreta mpaka simba wakabaki kama kumi tu. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, simba wapatao 1,000, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Distempa ikawakuta na simba wa Kreta mwaka 2001. Watafiti waliochunguza damu zao walikuta vijidudu vya babesia, vinavyoenezwa na kupe, vikiwa vingi mno. Ukame ulikuwa umewadhoofisha nyati, kupe wakajaa juu yao, na simba wakala nyati hao. Distempa peke yake huenda wangeihimili. Chanjo ya distempa ya mbwa ipo, na kwa kijiji kilicho karibu na msitu wa hifadhi si anasa.

Nzi wanaouma, kama wale wa mwaka 1962, ndio wanaotafuna ncha za masikio ya mbwa wetu mpaka zinatoka damu. Mafuta ya mgando kwenye ncha, na lundo la samadi liondolewe karibu na banda. Masikio kwa ndani yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu mpaka pale kidole kinapofika, basi. Kijiti cha pamba kinasukuma uchafu ndani. Kucha za mbwa anayetembea mawe ya Qurus zinajisaga zenyewe. Ukucha wa pembeni usiogusa ardhi ndio wa kukatwa, ncha tu, na ukitoa damu bana kwa unga wa ngano.

Mbwa wa manyoya marefu ni hesabu nyingine. Wapo siku hizi, hasa kwa wenye nyumba za wageni na wafanyakazi wa hoteli za kitalii waliopewa na wageni. Manyoya yao yanasokotana, na fundo lililolowa linabana ngozi mpaka inaoza. Hapa mashine ya kunyolea, ya makumi ya maelfu, inajilipa upesi, maana kumpeleka mbwa Arusha ni kama kilomita 140 kwenda tu, na si kila kondakta anakubali abiria wa miguu minne. Usiazime ya kinyozi. Atakuwa mjinga akikupa, na wateja wake wana haki ya kukasirika. Nunueni majirani wawili watatu moja ya kutumia kwa zamu. Mafundo yafunguliwe kwa chanuo kabla ya kuogesha, kwa sababu maji yanayakaza. Usimnyoe mpaka ngozi. Jua la Karatu litamuunguza.

Kabla ya yote haya, hata kabla ya kitana, kuna chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu anayemshika mbwa mdomoni, masikioni na miguuni anaweza kung'atwa siku moja hata na mbwa mpole. Chanjo ya mbwa ni ya maelfu, na katika kampeni za serikali au za mashirika mara nyingi ni bure. Chanjo za binadamu aliyeng'atwa ni dozi kadhaa, na pasipo msaada jumla yake hufika makumi ya maelfu bila shida. Akikung'ata, sabuni ile ile ya mche iliyo kali mno kwa ngozi ya mbwa ndiyo inayotakiwa sasa: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na kadi ya chanjo ya mbwa mkononi.