KIBANIO KIPYA CHA MASHINE YA KUKEREZA

Katika mashine ya kukereza chuma, kazi inayokatwa ndiyo izungukayo. Huishikwa na kibanio, yaani kichwa kizito chenye mataya, kilichofungwa kwenye ncha ya mhimili. Kibanio kikiyumba, kazi huharibika. Kikifunguka, fundi huwa hatarini.

Vibanio vitumikavyo sana ni vya aina mbili. Katika kibanio cha mataya 3, ufunguo mmoja huyasogeza mataya yote kwa pamoja. Hufaa kwa vyuma vya mviringo na vya pembe 6, nacho huokoa wakati; lakini hata kikiwa kipya huweza kuyumbisha kazi kwa sehemu kadhaa za mia za milimita. Katika kile cha mataya 4, kila taya husogezwa peke yake. Kazi huenda polepole, lakini kibanio hicho hushika hata vipande vya mraba, na fundi mwenye saa ya kupimia aweza kuisawazisha kazi kwa usahihi mkubwa zaidi.

Kabla ya kununua, hapana budi kuipima ncha ya mhimili. Ikiwa ni ya hesi, yapasa kujua kipenyo chake na nafasi kati ya hesi.

Vibanio vingi hufungwa juu ya bamba la nyuma, ambalo kwa kawaida ni la chuma cha kusubu. Bamba hilo hufungwa kwanza peke yake kwenye mhimili, likakerezwa papo hapo mpaka kitako chake kiingie barabara nyuma ya kibanio. Kwa kuwa limekatwa na mhimili uleule utakaolibeba, huzunguka sawasawa nao. Likikerezwa kwenye mashine nyingine, hubeba makosa ya mashine hiyo. Nyuso zote zisafishwe vema, kwani chembe moja ya chuma iliyobanwa katikati yatosha kukiyumbisha kibanio. Ubao uwekwe juu ya kitanda cha mashine, ili kibanio kikiponyoka kisivunje vidole.

Mwendo ulioandikwa kwenye kibanio usizidishwe: ukiongezwa mara 2, nguvu ya kuyavuta mataya nje huongezeka mara 4. Kibanio cha hesi kisizungushwe kinyume wala kusimamishwa ghafula, maana chaweza kujifungua. Na ufunguo usiachwe kamwe ndani yake. Mashine ikiwashwa, hurushwa kama jiwe la teo.