Je, Wajua? Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Je, wajua kwamba mchele mwingi unaouzwa Dar es Salaam kwa jina la "mchele wa Mbeya" haulimwi karibu na jiji la Mbeya? Sehemu kubwa hutoka Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ambako Rujewa ndiyo makao makuu ya wilaya. Bonde hilo linanyweshwa na Ruaha Mkuu pamoja na mito kama Mbarali, Kimani na Chimala inayoshuka kutoka milimani. Shamba kubwa la Mbarali lilijengwa na serikali miaka ya 1970 kwa msaada wa China.

Je, wajua kwamba ukipeleka mashineni kilo 100 za mpunga, utarudi na kilo 60 hadi 65 tu za mchele? Maganda huchoma matofali, pumba hulisha nguruwe na kuku. Mchele mzima huingia kwenye gunia la mnunuzi, na chenga mara nyingi ndizo zinazobaki jikoni kwa aliyelima.

Je, wajua kwa nini sahani ya wali maharage inajenga mwili kuliko wali mtupu? Nafaka zina upungufu wa laisini, mojawapo ya viini vinavyojenga protini. Maharage yanayo tele, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mchele unayo. Vikikutana sahanini, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Makande yanafuata kanuni hiyohiyo. Sahani ya wali maharage inayodharauliwa kwa mama lishe, pamoja na kipande cha parachichi na fungu la mnafu, inazishinda chipsi kavu kwa mbali, na hapo mwandishi huyu hana mjadala.

Je, wajua ni mkoa gani uliongoza kwa udumavu wa watoto katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022? Si mkoa wa jangwani. Ni Iringa: karibu watoto 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na kimo kisicholingana na umri wao. Wastani wa nchi ulikuwa 30. Mikoa ya Njombe na Rukwa ilifuata, kila mmoja ukiwa na karibu nusu ya watoto wake. Hiyo ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage na maziwa, mikoa inayolisha wengine.

Lakini inawezekanaje? Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Msimu wa kupandikiza au kupalilia, mama huondoka alfajiri na mtoto hubaki na dada yake mwenye miaka minane, bakuli la uji mweupe likiwa mezani. Atakula mara mbili, pengine tatu, uji wa sembe na sukari, basi. Mayai yameuzwa ili kupata daftari na sabuni. Akiharisha kwa maji machafu, hata kile kidogo alichokula hakikai. Hakuna anayelia njaa nyumbani humo. Mtoto anashiba, anacheka, ila harefuki. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, zikipita hivyo, kimo kilichopotea ni vigumu sana kukirudisha baadaye.

Je, wajua kwamba Iringa hiyohiyo iliwahi kuifundisha dunia namna ya kupambana na utapiamlo? Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168, chini ya serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Wakati huo mkoa wa Iringa ulikuwa bado na Njombe ndani yake. Kila miezi mitatu kijiji kilikutana siku ya afya, watoto wakapimwa uzito mbele ya watu, kisha wanakijiji wenyewe wakajadili: huyu amepungua kwa nini, nani anabaki naye mchana, tufanye nini kwa uwezo tulio nao? Utapiamlo mkali ulishuka kutoka kama asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2 kufikia 1988. Mkakati wa lishe ambao UNICEF iliutangaza duniani mwaka 1990 ulichota sana kutoka huko. Mizani ya kupimia watoto ilikuwa na kazi, lakini mimi naamini kilichofanya kazi zaidi ni kile kikao cha baadaye, ambapo njaa ya mtoto wa jirani iligeuka ajenda ya kijiji.

Je, wajua kwamba miaka ya 1970 na 1980, ukame ulipobana na mavuno ya vijiji vipya vya ujamaa yakasuasua, Watanzania walikula mahindi ya njano kutoka ng'ambo na kuuita unga huo "yanga", kwa rangi ya jezi ya klabu ya soka ya Yanga? Wazee wanaukumbuka kwa kukunja pua. Kinachochekesha ni kwamba mahindi ya njano yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na sembe nyeupe tunayoipenda haina.

Je, wajua kwamba dumuzi, yule mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa vumbi, si wa kwetu? Asili yake ni Amerika ya Kati. Nchini aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka za plastiki zisizopitisha hewa, humwua bila dawa: mdudu aliyefungiwa humo humaliza oksijeni yake mwenyewe.

Je, wajua ni miezi gani migumu zaidi Usangu? Mavuno huja kati ya Mei na Julai. Ikifika Januari na Februari vihenge vingi vimepwaya, na ndio wakati kazi ya kupandikiza inapodai nguvu na fedha za vibarua. Wapo wanaouza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa ili wapate unga wa wiki. Mkulima wa namna hiyo hahesabiki kwenye orodha ya wenye njaa, maana shamba lake ni la kijani hadi ukingoni mwa mfereji.

Je, wajua kwamba malori ya chakula yanayopita barabara kuu karibu na Rujewa huvuka mipaka? Machi 2023, baada ya Kimbunga Freddy, Tanzania iliipa Malawi tani 1,000 za unga wa mahindi. Mwaka 2024, ukame ulipoiunguza Zambia, nchi hiyo na Tanzania zilikubaliana tani 650,000 za mahindi, hizo za kuuziana.

Na je, wajua dawa ya uji mzito unaomshinda mtoto mdogo kumeza? Kimea, kilekile cha togwa. Loweka ulezi usiku kucha, uuoteshe siku mbili tatu kwenye kitambaa chenye unyevu, uanike, usage. Pika uji mzito wa nafaka, karanga na maharage, mzito karibu na ugali, uache upoe kidogo, kisha koroga kijiko cha kimea. Baada ya dakika chache utalegea na kunyweka, bila kuongeza tone la maji, kwa sababu vimeng'enya vya mbegu iliyoota hukatakata wanga. Uchemshe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Watafiti wa Tanzania waliupima uji huu tangu miaka ya 1980, wakaona kwamba mtoto anapata chakula kingi zaidi katika bakuli lilelile dogo. Ukikitia kimea uji ukiwa bado unatokota, vimeng'enya vitakufa na uji utabaki mzito vilevile.