Jinsi Injini ya Gari la Safari Rally Inavyoundwa Kuhimili Vumbi na Mwinuko wa Naivasha

Tangu mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, wakazi wa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, wamezoea ngurumo za magari hayo. Hata hivyo, kazi inayoamua iwapo gari litafika mwisho au litakwama vumbini hufanyika karakanani, miezi mingi kabla ya bendera kupeperushwa.

Magari ya daraja la Rally2, ambalo huvutia madereva wengi wa kibinafsi, hutumia injini ya lita 1.6 yenye turbo. Ingawa ukubwa huo haupiti ule wa magari mengi ya kawaida, injini hiyo hutoa takriban nguvu za farasi 290.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) huweka mpaka wa nguvu hizo kwa njia rahisi: hewa yote inayoingia kwenye turbo lazima ipitie tundu lenye kipenyo cha milimita 32. Kasi ya hewa ikishafikia ile ya sauti ndani ya tundu hilo, kiasi kinachopita hakiwezi kuongezeka tena, hata injini ikizungushwa kwa kasi zaidi.

Kwa sababu hiyo, fundi hatafuti mizunguko mingi. Anatafuta msukumo mkubwa katika mizunguko ya kati, ili gari liweze kuchomoka haraka kwenye kona za changarawe.

Uundaji huanza kwa kupima. Pistoni pamoja na konrodi, yaani mikono inayoziunganisha na krankshafti, hupimwa kwenye mizani ili uzito wake ulingane, kwa kuwa tofauti ndogo hugeuka mtikisiko mkubwa injini inapozunguka kwa kasi. Pistoni za kufuliwa hupendelewa kuliko za kumiminwa kwenye kalibu, kwani hustahimili vyema joto na shinikizo.

Baada ya kuunganishwa, injini hufungwa kwenye mtambo wa kupimia nguvu. Hapo, mafundi huandika katika kompyuta ya injini kiasi cha petroli na wakati wa kuwasha cheche kwa kila hali ya mzigo. Petroli ikipungua mno wakati injini imebeba mzigo mkubwa, joto hupanda na pistoni inaweza kutoboka. Cheche ikiwahi kupita kiasi, injini hugonga na kuharibika ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo, fundi makini huacha akiba ya usalama badala ya kukamua nguvu yote.

Naivasha huongeza ugumu wa kazi hiyo. Mji huo uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 likilinganishwa na la pwani. Turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia upungufu huo, lakini tundu la kanuni halipanuki. Nguvu ya juu kabisa hushuka, na hesabu zilizoandikwa katika nchi za tambarare hulazimika kurekebishwa.

Changamoto nyingine ni vumbi laini kama unga, maarufu kwa jina la fesh-fesh, ambalo hutanda katika maeneo kama Kedong. Likiziba kichujio, injini hukosa pumzi. Likipenya, husaga kuta za silinda. Ndiyo maana magari mengi ya Safari huwekewa bomba refu la kuvutia hewa, linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi karibu na paa. Bomba hilo pia huzuia maji yasiingie katika injini gari linapovuka mito wakati wa mvua.

Mashindano haya, yaliyoanza mwaka wa 1953 yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yamejijengea sifa ya kuvunja magari. Joginder Singh, fundi na dereva Mkenya, aliyashinda mara tatu, mwaka wa 1965, 1974 na 1976, huku Shekhar Mehta akishinda mara tano. Katika njia za namna hiyo, injini inayodumu siku zote za mashindano humfaa dereva kuliko ile yenye nguvu nyingi inayozimika siku ya kwanza.