Osa Johnson Mbele ya Simba

Wageni wanaopita Karatu kila asubuhi, wakipanda kuelekea lango la Ngorongoro, huja wakiwa na taswira ya simba waliyoipata makwao kabla ya kumwona simba mwenyewe. Na miongoni mwa waliotangulia kuieneza taswira hiyo ulimwenguni ni Osa Johnson, mwanamke ambaye leo hatajwi sana katika nchi zilizompatia sifa yake.

Alizaliwa mwaka 1894 huko Chanute, mji mdogo wa Kansas, Marekani, akaolewa mwaka 1910 na Martin Johnson, msafiri aliyekwisha kuvuka bahari pamoja na mwandishi Jack London. Baada ya kuzuru visiwa vya Pasifiki walifika Afrika Mashariki mwaka 1921. Kisha wakapiga kambi Marsabit, na wakateremka pia Tanganyika, katika mbuga za Serengeti zilizo magharibi ya milima ya Ngorongoro.

Kamera ya zama zile ilikuwa sanduku zito juu ya miguu mitatu, na mpiga picha alilazimika kuuzungusha mpini wake kwa mwendo usiobadilika, hata kama mnyama anamjia mbio; ndiyo sababu Martin alishika mpini, naye Osa akasimama ubavuni na bunduki, uhai wa mumewe ukiwa amana mikononi mwake. Waigizaji wengi wa sinema bubu waliigiza hofu mbele ya mapazia yaliyochorwa. Yeye alisimama mbele ya hatari yenyewe, na kwa hilo namstahi. Hata hivyo filamu yao Simba, ya mwaka 1928, iliunganisha matukio ya nyakati mbalimbali hata yakaonekana kisa kimoja, na wapagazi, wapishi na wabeba bunduki, ambao bila wao safari isingalikuwapo, hawakupata sehemu ya heshima ile. Katika Congorilla ya mwaka 1932 Wambuti wa Ituri walifanywa kichekesho, jambo ambalo siwezi kulitolea udhuru.

Baadaye walirudi na ndege mbili, moja imepakwa milia ya punda na nyingine mabaka ya twiga, wakapiga picha za makundi ya wanyama kutoka angani kwa ajili ya Baboona ya mwaka 1935.

Martin alifariki katika ajali ya ndege huko California, Januari 1937. Mwaka uleule, angali mjane mpya, Osa alirejea Afrika Mashariki kusimamia upigaji wa picha za filamu ya Stanley na Livingstone, iliyotoka 1939, na mwaka 1940 akachapisha kitabu cha maisha yao kilichosomwa na wengi. Alifariki New York mwaka 1953. Chanute wakafungua makumbusho yenye majina yao wawili mwaka 1961.