Hema la Mahali pa Baridi: Jinsi ya Kulichagua

Somo la Redio kwa Wanafunzi Watu Wazima

Weka daftari na kalamu karibu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuchagua hema la kulala mahali penye baridi kali. Labda utasema, "Mimi ninakaa Tengeru, nina nyumba yangu. Hema la nini?" Ni swali zuri. Basi toka nje asubuhi, mawingu yakiwa yametawanyika, utazame upande wa kaskazini. Utauona Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566. Upande wa mashariki uko Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Wako vijana wa Tengeru, wa Usa River na wa vijiji vya jirani wanaopata riziki yao katika milima hiyo. Hubeba mizigo ya wageni, huwapikia na huwaongoza.

Katika Mlima Meru wasafiri hulala katika vibanda vilivyojengwa Miriakamba na Saddle. Katika Kilimanjaro, njia ya Marangu ina vibanda pia. Lakini katika njia nyingine, kama ile ya Machame, watu hulala katika mahema. Mwanao au nduguyo akipita njia hiyo, hema ndilo nyumba yake. Hema likiwa baya, usiku mmoja waweza kumharibia afya, na hata kumwua.

Baridi ya mlimani ni kiasi gani?

Tufanye hesabu. Kila mtu apandapo mita 1,000, baridi huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Tengeru iko katika mita 1,200 hivi juu ya bahari. Katika Kilimanjaro iko kambi iitwayo Barafu, na jina lake lakueleza habari zake. Kambi hiyo iko katika mita zaidi ya 4,600. Toa 1,200 katika 4,600, utapata 3,400. Kwa hiyo baridi itaongezeka kwa nyuzi 20 hivi.

Sasa, tuseme usiku wa leo hapa Tengeru kuna nyuzi 14. Ukitoa 20 utafika nyuzi 6 chini ya sifuri. Maji huganda katika sifuri. Basi usiku huohuo ambao wewe unajifunika blanketi moja, maji ya mpagazi katika chupa yanakuwa barafu. Tena bado hatujahesabu upepo.

Hema halitoi joto

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: hema halitoi joto. Blanketi pia halitoi joto. Ukitaka kujua, chukua jiwe lililo baridi, ulifunike kwa blanketi zito jioni. Asubuhi ulishike. Litakuwa baridi vilevile, kwa sababu jiwe halina joto la kutunzwa.

Mwili wako ndio wenye joto. Mtu aliyepumzika hutoa joto karibu sawa na taa ya umeme ya zamani ya wati 100. Kazi ya blanketi, na kazi ya hema, ni kulizuia joto hilo lisitoroke.

Huzuiwa na nini? Huzuiwa na hewa iliyotulia. Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi huwa na joto usiku, na mchana hukaa baridi. Nyumba ya bati isiyo na dari huwa kinyume chake. Katikati ya nyasi kuna hewa nyingi iliyonaswa, nayo hewa hiyo hupitisha joto polepole sana. Bati ni jembamba, wala halina hewa ndani yake. Kumbuka mfano huu wa nyasi na bati, maana utakusaidia unapochagua hema.

Wavuvi wa juu ya barafu

Ziko nchi, kama Finland na Kanada, ambako maziwa huganda wakati wa baridi. Barafu huwa nene, hata watu hutembea juu yake. Wavuvi hutoboa tundu katika barafu, huteremsha ndoana, kisha huketi na kungoja samaki. Fikiri kama Ziwa Duluti lingeganda, na wavuvi wakaketi katikati yake saa nyingi penye upepo!

Kwa kazi hiyo watu wale hutumia hema la namna yake. Kuta zake zina vitambaa viwili, na katikati mna pamba ya viwandani, kama mfarishi. Ni hekima ileile ya nyumba ya nyasi: hewa imenaswa katika pamba. Ukutani mna matundu ya kupitisha hewa.

Je, tukiliona hema kama hilo linauzwa, tulinunue kwa ajili ya mlimani? Tusifanye haraka. Kwanza, hema hilo ni zito. Mengine yana kilo 15, mengine hupita 20. Mvuvi hulivuta juu ya barafu kwa kigari kisicho na magurudumu, lakini mpagazi hubeba kichwani na mabegani. Kanuni za Hifadhi ya Kilimanjaro husema mzigo anaobebeshwa mpagazi usizidi kilo 20. Hema moja lingemaliza mzigo wote wa mtu mmoja. Pili, mengi ya mahema hayo hayana sakafu, kwa sababu mvuvi anataka kulifikia tundu lake la samaki. Mtu wa kulala chini hawezi kufaidi hema lisilo na sakafu.

Lakini mlinzi wa shamba, anayekaa mahali pamoja na mwenye kitanda, angeweza kulitumia vizuri. Basi usiulize tu, "Hema hili ni la baridi?" Uliza, "Ni la baridi kwa kazi gani?"

Mambo sita ya kukagua

Tuseme ni Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru, nawe umeona hema la mtumba. Muuzaji analisifu. Msikilize kwa adabu, lakini ukague mambo haya sita.

1. Sakafu. Joto jingi la mwili hupotea kwa njia ya ardhi. Sakafu iwe ya kitambaa kinene kisichopitisha maji, nayo ipande kidogo ukutani kama beseni. Hata hivyo sakafu peke yake haitoshi. Lazima uwe na mkeka wa sponji wa kulalia. Mtu mwenye mablanketi matatu juu na asiye na kitu chini atatetemeka usiku kucha.

2. Vitambaa viwili. Hema zuri lina chumba cha ndani, na juu yake paa la pili lisilopitisha maji. Paa hilo lifike karibu na ardhi. Vitambaa viwili visigusane, bali kati yake pawe na nafasi ya hewa. Vikigusana, faida imepotea.

3. Matundu ya hewa. Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba hema lililozibwa kabisa lina joto zaidi. Lakini mtu akipumua usiku kucha hutoa maji karibu glasi moja. Watu wanne hutoa glasi nne. Mvuke huo usipopata njia ya kutoka, huganda ukutani, kisha hudondoka juu ya mablanketi. Na maji hupitisha joto upesi kuliko hewa, kama mara 25. Blanketi bichi ni adui. Basi hema liwe na matundu mawili, moja chini na moja juu, nayo yaweze kufunguliwa hata mvua inaponyesha.

4. Nguzo na umbo. Hema la mlimani liwe la chini, lenye mgongo wa mviringo, ili upepo uteleze juu yake. Hema refu lenye kuta zilizosimama hushikwa na upepo kama tanga la jahazi. Pinda nguzo kidogo uone kama zina ufa. Hesabu vigingi na kamba.

5. Mishono na zipu. Inua kitambaa kuelekea jua. Ukiona nukta za mwanga, hayo ni matundu. Mimina maji kidogo juu ya mshono, ungoje dakika tano, kisha upapase upande wa ndani. Fungua na kufunga kila zipu mara tatu. Zipu ikikwama hapa gulioni, itakwama zaidi kule juu, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. Uzani na ukubwa. Soma kibandiko kilichoshonwa ndani. Hapa ndipo kusoma kwako kunapoleta faida. Ukiona imeandikwa "watu 4", maana yake ni watu 4 waliolala wakigusana, bila mizigo. Hema dogo lililojaa hupata joto upesi kuliko hema kubwa lenye watu wawili. Lakini usizidishe watu kuliko namba iliyoandikwa, maana watagusa kuta na kulowa.

Ukimaliza, mwombe muuzaji lisimamishwe palepale kabla ya kulipa. Asiyekubali kulisimamisha ana sababu yake.

Moto ndani ya hema

Sasa tazama jambo kubwa kuliko yote. Mtu akizidiwa na baridi, hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kufunga zipu. Asifanye hivyo kamwe! Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usio na moshi, hutoa sumu hiyo vilevile. Jiko la gesi au la mafuta ya taa katika hema lililofungwa nalo ni hatari.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mlimani kuna hatari ya pili, kwa sababu ugonjwa wa kimo nao huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu. Mtu atasema, "Ni mlima tu," kisha alale asiamke. Ukiona mwenzako ana dalili hizo na moto umo hemani, mtoe nje mara moja kwenye hewa safi, uite msaada. Usimwache alale.

Mtu akitaka joto, afanye hivi: avae nguo kavu kabla ya kulala, avae kofia, ale chakula cha moto, na atie maji ya moto katika chupa ngumu, aifunge sana, aiweke miguuni. Chupa hiyo haina sumu.

Anunuaye na alalaye

Neno la mwisho ni hili. Mara nyingi anayenunua hema si yeye anayelala ndani yake. Mwenye kampuni hununua akiwa mjini, naye mpagazi hulala kambini. Ndiyo maana imewahi kutokea wapagazi kulazwa katika hema la kulia chakula, ambalo ni refu, tena halina sakafu, nao hungoja mpaka wageni wamalize kula. Mjini Moshi uko Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 2003. Mradi huo umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, na kutazama jinsi wanavyotunzwa, mahali pa kulala pakiwa pamoja.

Basi mfundishe mwanao aulize kabla ya kupanda: "Tutalala wapi? Wangapi katika hema moja? Lina sakafu? Mikeka iko?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Na wewe, ukinunua hema kwa ajili ya mtu mwingine, lisimamishe kwanza uani kwako, ulale ndani yake usiku mmoja wa mwezi wa Julai. Utajua mengi kuliko alivyokueleza muuzaji.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini jiwe lililofunikwa blanketi halipati joto?
2. Nyumba ya nyasi na hema la vitambaa viwili vinafanana kwa jambo gani?
3. Usiku Tengeru kuna nyuzi 12. Kambi fulani iko juu ya Tengeru kwa mita 2,000. Huko kutakuwa na nyuzi ngapi?
4. Taja dalili tatu za sumu ya mkaa.
5. Andika sentensi mbili za kumwambia kijana anayepanda mlima kwa mara ya kwanza.

Someni majibu yenu kwa sauti, mmoja mmoja, na wengine wasahihishe. Kwaheri mpaka somo lijalo.