Mazuku, Ubongo na Kipimo Kisichokatika

Ukitoka Goma kwa barabara ya Sake, karibu na ufuko wa Ziwa Kivu, kuna ziwa dogo lililotulia ndani ya shimo la volkano ya kale. Ndilo Lac Vert, ziwa la kijani. Katika mabonde ya upande huu wa mji, mbuzi hukutwa asubuhi amekufa, hana jeraha wala povu mdomoni. Wenyeji hawaulizi kilichomuua. Wanakijua kwa jina: mazuku, upepo mbaya utokao ardhini. Jina hilo limevuka mipaka ya Kivu, na leo wataalamu wa volkano wa nchi za mbali huliandika hivyo hivyo, bila kulitafsiri.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayopenya katika nyufa za lava ya zamani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, takriban mara moja na nusu, kwa hiyo hujaa mabondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri, upepo unapokuwa umelala. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asihisi lolote, na hapo hapo mtoto aliyelala chini akawa amezama. Hebu tuwakumbuke maelfu ya wakimbizi wa vita waliojenga vibanda Mugunga na Lac Vert, wakilala juu ya mawe ya lava. Wengi wao walikuwa wageni wa ardhi hii, na hawakujua bonde lipi halilaliwi.

Inakuwaje gesi ambayo sisi wenyewe huitoa kila tunapopumua itugeuke na kutuua? Jibu liko ndani ya ubongo. Wengi hudhani kwamba tunavuta pumzi kwa sababu oksijeni imepungua. Kwa kawaida kinachotusukuma ni kaboni dioksidi. Kwenye shina la ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna chembe za neva zinazoonja asidi. Kaboni dioksidi ikizidi, damu na maji yanayouzunguka ubongo hupata asidi, na chembe hizo huyaamuru mapafu yaharakishe. Hewa ya kawaida ina kiasi cha asilimia 0.04 tu ya gesi hii. Ikifika asilimia chache, kichwa huuma na pumzi huenda mbio. Ikipita asilimia 10, akili huvurugika na mtu huzimia ndani ya dakika chache, hata kama oksijeni bado ipo. Kwenye mazuku mazito, pumzi chache zinatosha. Mlinzi aliyepaswa kupiga kengele ndiye anayeanguka wa kwanza.

Hapa ndipo maswali magumu yanapoanza. Mtoto wa miaka 3 aliyelala bondeni ana dakika ngapi? Aliyeokolewa akiwa amezimia hubaki na kumbukumbu ya namna gani mwaka mmoja baadaye? Na anayevuta gesi kidogo kidogo kila usiku kwa miaka, ubongo wake huizoea au huchakaa?

Maswali haya yanadai mafundi wawili. Wa kwanza ni mpimaji: anapima gesi, damu, umeme wa ubongo na kumbukumbu ya mtoto. Wa pili ni mkokotoaji: anavigeuza vipimo hivyo kuwa milinganyo, kisha anaiuliza kompyuta mambo ambayo hakuna mtu mwenye utu angeyajaribu kwa mtoto aliye hai. Mwaka 1952, Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walionyesha nguvu ya kuunganisha kazi hizo mbili. Walipima umeme katika uzi mnene wa neva ya ngisi, wakaandika milinganyo inayoeleza jinsi ishara inavyosafiri ndani yake. Huxley alikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Bila ngisi, milinganyo ingekuwa dhana tupu. Bila milinganyo, vipimo vya ngisi vingebaki rundo la namba. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel.

Ubongo wa binadamu una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Hakuna hospitali moja wala chuo kimoja kinachoweza kuumaliza. Ndiyo maana nchi huhitaji miundombinu ya taifa ya utafiti wa ubongo: vifaa vinavyotumiwa kwa zamu na taasisi nyingi, kumbukumbu za wagonjwa zilizoandikwa kwa utaratibu mmoja ili kipimo cha Goma kisomeke Kinshasa, kompyuta zenye umeme wa uhakika, na vijana waliofundishwa kupima na kukokotoa.

Kongo haianzii sifuri. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo kutoka Kwango, unaopoozesha miguu ya watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Daktari Mkongomani Désiré Tshala-Katumbay ameendelea kuchunguza jinsi sumu yake inavyoathiri neva na akili za watoto. Dawa ya vidonge ya malale, fexinidazole, ilifanyiwa majaribio kwa sehemu kubwa nchini Kongo, na daktari Victor Kande akawa miongoni mwa walioyaongoza. Kuanzia mwaka 2018 dawa hiyo ilifungua njia ya kutibu kwa vidonge peke yake ugonjwa unaoingia hadi kwenye ubongo. Huko Ituri, watafiti wamefuatilia kifafa katika vijiji vyenye usubi. Kinachokosekana ni uzi wa kuziunganisha kazi hizi. Kila mradi huja na daftari lake, na ukiisha daftari huondoka nao.

Majirani wametuonyesha kwamba njia si lazima ianze na mabilioni. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamefuatilia malaria ya ubongo na kifafa kwa miongo kadhaa, kwa sababu familia za eneo hilo zimeorodheshwa na kutembelewa tena na tena. Mbarara, Uganda, mwaka 2022 wahandisi waliunganisha huko huko mashine ya MRI yenye sumaku dhaifu, kama militesla 50, wakati mashine za kawaida za hospitali huwa na tesla 1.5. Picha zake si kali, lakini zinaweza kumwonyesha daktari maji yaliyojaa kichwani mwa mtoto, na fundi wa hapo hapo anaweza kuitengeneza.

Goma nayo ina mwalimu wake, tena wa karibu. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, OVG, kilianzishwa mwaka 1986, na kimesikiliza Nyiragongo na Nyamulagira kupitia vita na milipuko. Mwaka 2020 ufadhili wa Benki ya Dunia ulikwisha, na kwa miezi kadhaa intaneti iliyoleta data kutoka vituo vya mbali ikakatika. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba dalili za mwisho zilikuwa fupi mno, chini ya saa moja, kwa hiyo haifai kudai kwamba intaneti peke yake ingeuokoa mji. Lakini miezi isiyopimwa hairudi. Mashine iliyoharibika hununuliwa nyingine. Siku iliyopita bila kipimo haina duka.

Kwa ubongo hali ni hiyo hiyo. Mtoto hukua mara moja tu. Ukimpima leo na ukamkosa kwa miaka mitatu, hutajua kamwe akili yake ilipita wapi. Kwa hiyo, bajeti ya taifa ya utafiti wa ubongo ingeweka kwanza mshahara wa fundi wa kila mwezi, betri na intaneti, kisha ndipo ifikirie jengo na utepe wa kukata.

Mimi ningeanzia Lac Vert. Vipima gesi viwekwe mabondeni, sentimita 30 kutoka ardhini, kwenye kimo cha mtoto aliyelala. Namba zake zifike OVG kila saa, na zifike pia kituo cha afya kilicho karibu, ambako muuguzi ataandika kila aliyezimia, saa aliyopatikana, na atampima tena baada ya mwezi na baada ya mwaka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma wapewe data hizo wazikokotoe. Kazi hiyo inahitaji vifaa vichache, daftari moja lenye utaratibu, na watu watakaolipwa hata mwaka ambao mfadhili hayupo. Ikidumu miaka 10 bila kukatika, Kongo itakuwa na jambo la kuufundisha ulimwengu kuhusu ubongo, na mama wa Mugunga atajua mahali pa kumlaza mwanawe.