Uvimbe wa Tumbo: Jina Moja, Maradhi Mawili

Mtu ashukaye kutoka Wundanyi hadi Voi kwa maumivu ya chembe cha moyo, akarejea jioni na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, akiulizwa na jamaa zake ana nini, aghalabu hujibu kwa neno moja tu: uvimbe. Kwa bahati mbaya neno hilo, katika lugha yetu, labeba mambo mawili: utando wa tumbo uliochubuka na kuvimba miaka na miaka, na saratani, basi wapo waliokata tamaa kwa sababu ya lile la kwanza, na wapo waliolipuuza la pili hata likawashinda matabibu.

Dalili hazisaidii sana kuyapambanua, maana yote mawili huchoma, huondoa hamu ya chakula, na huweza kutoa damu kidogo kidogo hata choo kikawa cheusi kama lami. Tabibu apitishapo kooni mpira wenye kamera huona kidonda, lakini jicho, hata la mzoefu, halina yakini. Ndiyo maana huchuna vinyama sita au zaidi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, kuuzunguka ukingo wa kidonda, kwani saratani huweza kujificha upande mmoja ilhali upande wa pili waonyesha uvimbe mtupu. Vinyama hivyo hugandishwa katika nta, hukatwa vyembamba kuliko unywele, hutiwa rangi ya zambarau na ya waridi, kisha huwekwa chini ya hadubini. Penye uvimbe wa kawaida, chembe nyeupe za damu zimejaa tele, lakini tezi zingali na umbo lake. Penye saratani, tezi zimevurugika, viini vya seli vimekuwa vikubwa na vyeusi, na seli zimeuvuka mpaka wake zikazama katika nyama ya chini. Taabu iko katikati, kwa kuwa seli zinazojiponya baada ya kuungua muda mrefu hufanana mno na zile zinazoanza kuharibika, na hapo mtaalamu mwaminifu humwita mwenzake atazame naye.

Wala si kwamba maradhi hayo hayajuani. Barry Marshall wa Australia alikunywa kwa hiari yake, mwaka 1984, bakteria aliowagundua pamoja na Robin Warren, akashikwa na uvimbe wa tumbo. Mwaka 1994 bakteria hao wakahesabiwa rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani, ingawa wanaofikishwa huko ni wachache, na dawa za kuwaua zipo.

Linalonitia hofu ni vidonge vya omeprazoli vinunuliwavyo dukani mwezi baada ya mwezi, kwani hupunguza asidi, maumivu yakatulia, na hata kidonda cha saratani chaweza kufunga juu juu kwa muda. Anayekonda, anayekwamwa na chakula kooni, anayetapika damu au kupata choo cheusi, asiridhike navyo. Aombe kamera, na majibu yakija aulize kama nyama ilichukuliwa, na hadubini ilisema nini. Kidonda cha tumbo kilichotibiwa aghalabu hutazamwa tena baada ya wiki sita hadi nane, hata kama mgonjwa hasikii maumivu. Basi nauli ya safari hiyo ya pili, awe atoka Mbololo au Taveta, iwekwe kando siku ile ile ya safari ya kwanza.